Kama mzazi au ndugu yako ana presha ya macho, uzi huu ni wako wewe unayeona vizuri

#1 Binti Kongwa

Habari za leo wana jukwaa.

Uzi huu nimeuandika kwa siku tatu, kila nikitoka kazini, kwa hiyo mnivumilie ukiwa mrefu. Simwandikii mgonjwa. Mgonjwa ameshajulikana, ana kadi yake na daktari wake. Ninayemtafuta ni ndugu yake, yule ambaye macho hayamsumbui hata kidogo.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Kongwa. Akivaa miwani yake ya kusomea alikuwa anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe, hataki kusaidiwa. Lakini akiinuka kwenye cherehani anajikwaa kwenye kigoda ambacho kipo palepale tangu asubuhi. Mtu akipita kwa pembeni akamsalimia kwa mkono, baba haitikii. Mtaani wakaanza kusema fundi siku hizi anaringa. Mama alimsema sana kwa hilo, na baba akawa anaapa kwamba hakumwona mtu yeyote. Alikuwa anasema kweli.

Tulimpeleka zahanati, tukaambiwa ni mtoto wa jicho, tusubiri likomae ndipo atolewe. Tukasubiri miaka miwili. Tulipofika hospitali ya mkoa, jicho la kulia lilikuwa halioni hata taa, na la kushoto alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari akasema huyu hana mtoto wa jicho, ana glakoma, ambayo wengi tunaiita presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi.

Kisha akaniuliza, "Mko wangapi kwenu?" Nilidhani ananipa pole tu. Nikamwambia tuko saba. Akasema, "Wote saba waje wapimwe, na ndugu za mzee pia."

Nikaitikia. Nikarudi nyumbani, nikanyamaza miaka sita.

Sikuwa na nia mbaya. Tulikuwa tunauguza, nauli hakuna, na mimi nilikuwa naona vizuri. Nilipofika miaka 43 nikaanza kusogeza kitabu mbali ili nisome, nikaenda kutafuta miwani. Yule mtaalamu akanipima presha ya jicho: kulia 27, kushoto 24. Akaangalia nyuma ya jicho kwa taa, akakaa kimya, akaita mwenzake naye aangalie. Mshipa wa fahamu wa jicho la kulia ulikuwa umeshaliwa. Nilipofanyiwa kile kipimo cha kubonyeza kitufe kila ukiona nukta ya mwanga, karatasi ilitoka na doa jeusi upande wa juu karibu na pua. Sikuwa nimewahi kulihisi doa hilo. Jicho la pili linaziba pengo na ubongo unajaza picha, kwa hiyo mtu anapoteza sehemu kubwa ya kuona bila kujua.

Sasa niwaeleze kinachotokea. Ndani ya jicho, nyuma ya ile sehemu yenye rangi, kuna mahali panapotengeneza maji masafi muda wote. Haya si machozi. Maji hayo yanalisha jicho kisha yanatoka kupitia chujio dogo lililo kwenye kona, pale weupe wa jicho unapokutana na kioo cha mbele. Kwa watu wengi presha inakaa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Chujio likichoka, maji yanaingia mengi kuliko yanayotoka, presha inapanda, na inayoumia ni nyuzi za mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Nyuzi hizo ni kama milioni moja kila jicho, na zikifa haziponi. Haziumi pia. Nasema hivyo kwa aina hii inayoitwa ya kona wazi, ambapo kona haijafunga ila chujio ndilo limechoka, ndiyo inayotusumbua zaidi Waafrika. Ile ya kona kufunga ghafla inauma vibaya, jicho linakuwa jekundu na mtu anatapika, hiyo hakuna atakayekaa nayo nyumbani.

Na presha ya damu ni jambo jingine. Unaweza kuwa na 120/80 yako safi kabisa na jicho likawa linakufa.

Kwetu Kongwa kuna mkanganyiko mwingine. Wilaya yetu inajulikana kwa trakoma, watafiti wamekuja kwa ajili yake miaka mingi. Basi kila mzee akipofuka tunasema trakoma. Shangazi yangu, dada wa baba, alipofuka kabla yake, na ukoo mzima ukasema ni trakoma, ni inzi na vumbi. Lakini trakoma inapindua kope zikakwaruza kioo cha jicho hadi kikawa cheupe. Macho ya shangazi yalikuwa mang'avu hadi anazikwa, kope zake zimenyooka. Maneno yenyewe yanafanana masikioni, glakoma na trakoma, ila moja ni maambukizi yanayoletwa na inzi, mikono na vitambaa, na nyingine inatembea ndani ya ukoo.

Tena wataalamu walishatupima palepale. Kuna utafiti wa Kongwa uliochapishwa mwaka 2000, walichunguza watu zaidi ya 3,000 wenye umri kuanzia miaka 40. Waliokutwa na glakoma ya aina zote ni asilimia 4.16, na ya kona wazi peke yake asilimia 3.1. Fikirieni kanisa lenye watu mia wa umri huo, wanne kati yao wanayo. Nilipoisoma hiyo namba nilikumbuka kwamba baba yangu alikuwa mtu mzima palepale wilayani wakati watu hao wanapita na mashine zao.

Kesho naendelea na habari ya kurithi, ndiyo hasa iliyonileta.

#2 Mdau wa Mbeya

Pole sana dada. Umenigusa, mama yangu anaweka matone huu mwaka wa tatu na mimi sijawahi kupima. Ila nauliza, kwani hii si ugonjwa wa uzee tu? Mama ana miaka 71.

#3 Binti Kongwa

Umri unachangia, ndiyo. Kadiri mtu anavyozeeka ndivyo hatari inavyopanda. Lakini wazee wengi wanafika miaka 90 na mshipa wao mzima, kwa hiyo uzee peke yake hautoshi.

Kuna mji wa Rotterdam kule Uholanzi, walifanya jambo ambalo mimi naona lilikuwa la maana kuliko yote. Badala ya kuuliza wagonjwa, "je, kwenu kuna mtu mwenye ugonjwa huu?", waliwafuata ndugu zao wenyewe na kuwapima macho. Ukiuliza tu, watu wengi watajibu hakuna, kwa sababu ndugu mwenyewe hajijui. Matokeo yalitoka 1998. Ndugu na watoto wa wagonjwa, uwezekano wao wa kuupata ugonjwa maishani ulikuwa asilimia 22. Ndugu na watoto wa watu wasio wagonjwa, asilimia 2.3. Hiyo ni karibu mara kumi.

Na Baltimore, Marekani, waligundua jambo ambalo lilinishangaza. Mtu mwenye kaka au dada mgonjwa alikuwa na hatari ya mara 3.7 hivi, na mwenye mzazi mgonjwa mara 2.2. Nilidhani mzazi ndiye mzito zaidi. Jaribu kuwaza hivi: wewe na dada yako mmechota kutoka kwa baba na mama wote wawili, tena mna umri unaokaribiana. Kama yeye amekutwa nao ana miaka 45, wewe wa 42 uko kwenye foleni hiyo hiyo. Kwa mwenye mtoto mgonjwa hesabu ilikuwa ndogo, lakini watoto bado ni vijana, siku zao hazijafika.

Baltimore hiyo hiyo, mwaka 1991, ilionesha Wamarekani weusi wana ugonjwa huu mara nne hadi tano kuliko weupe. Barbados walikuta asilimia 7 ya watu weusi wenye miaka 40 na zaidi. Tema, Ghana, asilimia 6.8. Kwa hiyo mdau, wewe ni Mwafrika na una mama mwenye ugonjwa. Una miaka mingapi?

#4 Mdau wa Mbeya

39. Nimekuelewa. Wiki ijayo naenda.

#5 Dereva wa Tunduma

Mimi nilipimwa kambi ya macho iliyokuja stendi, wakasema presha 16, nikaambiwa niko salama niende zangu. Marehemu babu na baba mdogo wote walipofuka. Si imeisha hiyo?

#6 Binti Kongwa

Kaka yangu, haijaisha. Namba ya presha peke yake haikuachii huru, hasa mtu wa ukoo kama wako.

Kwanza presha hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Pili, kile kioo cha mbele cha jicho hakilingani unene kwa watu wote, na unene huo nao tunaurithi. Chenye wembamba hukidanganya kipimo, kinasoma chini kuliko ukweli. Na watu wenye asili ya Afrika kwa wastani tuna kioo chembamba kuliko Wazungu. Tatu, wapo ambao presha yao haijawahi kuvuka 21 na mshipa unakufa vilevile. Mwaka 2002 iligunduliwa jeni, yaani kinasaba tunachorithi kwa wazazi, inayoitwa OPTN inayohusika na baadhi ya koo za namna hiyo, baadaye nyingine, TBK1. Kwa hao shida iko kwenye seli za mshipa wenyewe, hazivumilii hata presha ya kawaida.

Unachotakiwa kuomba ni mtu aangalie mshipa. Mweleze kwa maneno: "Babu na baba mdogo walipofuka, naomba uniangalie mshipa wa nyuma ya jicho." Atakuwekea matone ya kupanua mboni, utaona ukungu saa kadhaa, kwa hiyo siku hiyo usiendeshe gari. Mshipa una kishimo katikati kama kibonde cha kijiko. Kwa kawaida kishimo ni kidogo, kwenye glakoma kinapanuka hadi kinakaribia ukingo. Kwangu cha kulia kilikuwa 0.7, maana yake kimekula sehemu saba kati ya kumi za upana wa kichwa cha mshipa.

Na wewe ni dereva. Doa la pembeni kwa dereva ni mtoto anayevuka barabara.

#7 Mzee wa Geita

Naomba kuelimishwa. Kama ni vinasaba, si kuna vipimo vya vinasaba siku hizi? Mtu apime mara moja ajue kama ana hiyo jeni au hana, kuliko kwenda kliniki kila mwaka.

#8 Binti Kongwa

Shikamoo mzee. Swali lako hili na mimi nilimuuliza daktari wangu, na jibu lake lilinifanya nisome usiku mwingi.

Jeni ya kwanza ilipatikana 1997, na watu wa chuo kikuu cha Iowa, Marekani. Inaitwa MYOC. Kazi yake ni kutengeneza protini iliyoko kwenye chujio lile nililolieleza. Ikiwa na kasoro fulani, protini inakunjika vibaya, inashindwa kutoka nje ya seli, inarundikana ndani hadi seli zinakufa. Chujio likifa, presha inaruka hadi 40 na kuendelea, wakati mwingine kwa kijana wa sekondari. Hii inarithiwa waziwazi: mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nusu kwa nusu. Ukoo wenye vijana wanaopata glakoma kabla ya miaka 35, mmoja baada ya mwingine, kila kizazi, hao kipimo cha jeni kinawafaa kweli.

Lakini kwa watu wazima wenye glakoma ya kawaida, MYOC inaeleza wagonjwa wawili hadi wanne tu katika kila mia. Waliobaki hawana jeni moja ya kulaumiwa. Wana tofauti ndogondogo nyingi zilizotawanyika, kila moja inasukuma kidogo: hii inapandisha presha robo, ile inapunguza unene wa kioo, nyingine inadhoofisha mshipa. Utafiti mmoja mkubwa wa 2021 ulihesabu sehemu 127 za namna hiyo. Ni kama gunia linalojazwa punje kwa punje, huwezi kusema ni punje ipi iliyolifanya zito.

Shida yetu ni kwamba punje hizo zilihesabiwa zaidi kwa Wazungu. Nikupe mfano mmoja mzee wangu, ndio ulionishawishi. Kuna aina ya glakoma inayoacha unga mweupe juu ya lenzi. Mwaka 2007 watu wa Iceland na Sweden walipata jeni yake, LOXL1, na wakasema ukiwa na herufi fulani mahali fulani uko hatarini (jeni husomwa kama maandishi, herufi kwa herufi). Wakaja kupima watu weusi wa Afrika Kusini, wakakuta kwao herufi ya hatari ni ile nyingine, ambayo kwingine ilihesabiwa kuwa kinga! Sasa ukinunua kipimo kilichotengenezwa kwa damu ya watu wengine, kinaweza kukuambia uko salama wakati hauko.

Kazi ya kwetu imeanza. Kuna utafiti wa 2018 uliowachukua wagonjwa wa Afrika Kusini na wa Tanzania, wa hapa walitoka hospitali za Muhimbili na CCBRT, Dar es Salaam. Mwaka 2019 mwingine uliohusisha Ghana na Nigeria ukaonesha jeni inayoitwa APBB2, inayogusa protini ile ile inayozungumzwa kwenye ugonjwa wa kusahau wa wazee. Na 2024 ukatoka mkubwa kabisa, watu 11,275 wenye asili ya Afrika, wengi Wamarekani weusi, na kuibuka na sehemu 46. Najivunia kwamba kuna Watanzania waliotoa damu yao kwa jambo hili.

Ila kwa leo, mzee, taa ya daktari wa macho inajua mengi kuhusu jicho lako kuliko kipimo chochote cha jeni utakachouziwa mtandaoni.

#9 Mama Likoni

Asalaam aleikum dada. Nimesoma yote. Mimi niko Mombasa, nina mtoto wa miezi mitano. Macho yake ni makubwa mno, kila amwonaye hunisifia, "masha Allah macho ya mwana huyu". Lakini nikimtoa nje juani yuwafumba na kulia, na machozi hayakomi. Bibi yake asema ni jicho la hasidi. Mimi na babake ni watoto wa ndugu wawili. Jee, yaweza kuwa haya unayosema?

#10 Binti Kongwa

Waaleikum salaam mama. Tafadhali mpeleke leo. Kama leo jioni imekwisha, kesho asubuhi. Usingoje kliniki ya chanjo.

Macho makubwa kupita kiasi kwa mtoto mchanga, kuogopa mwanga na machozi yasiyokwisha ni dalili za glakoma ya kuzaliwa nayo. Jicho la mtoto bado laini, presha ikipanda linavimba kama puto, ndiyo maana linaonekana kubwa na zuri. Mwangalie pia kioo cha mbele kama kina ukungu wa kibuluu. Inaweza ikawa ni njia ya machozi imeziba tu, na Mungu ajalie iwe hivyo, lakini hilo aliseme daktari wa macho wa watoto. Kwa hawa wadogo matone hayatoshi, tiba kubwa ni upasuaji wa kufungua njia ya maji, na wakiwahiwa wengi wanaendelea kuona.

Kuhusu udugu wenu, nakueleza bila kukulaumu, ndoa za binamu ziko Pwani, ziko Oman, ziko na huku bara kwa baadhi yetu. Jeni inayoongoza kwa glakoma ya watoto inaitwa CYP1B1, nayo iligunduliwa 1997. Hii haifanyi kama MYOC. Mtoto anaugua akipata nakala mbovu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Mzazi mwenye nakala moja hana tatizo lolote, anaishi hadi uzeeni asijue. Binamu wanachangia babu na bibi, kwa hiyo ni rahisi zaidi wote wawili kubeba nakala mbovu ile ile. Saudi Arabia koo nyingi zenye watoto hawa zimekutwa na jeni hiyo, na Oman pia imeonekana. Wazazi wakiwa wanaibeba wote, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Kwa hiyo akikutwa nayo, na watakaomfuata wapimwe macho wiki za kwanza tu.

Mwambie bibi yake dua aendelee nayo akiwa njiani nanyi kwenda hospitali.

#11 Mdau wa Mbeya

Dada nina swali. Mimi macho huwasha sana kiangazi, vumbi. Huwa nanunua matone duka la dawa, yananituliza vizuri kabisa. Yana shida?

#12 Binti Kongwa

Chukua hiyo chupa sasa hivi usome jina la dawa. Ukikuta deksamethasoni, prednisoloni au betamethasoni, hayo ni matone ya steroidi. Usiendelee nayo bila daktari wa macho kujua.

Steroidi inaziba lile chujio. Si kwa kila mtu, lakini kama mtu mmoja kati ya watatu presha yake hupanda akiitumia kwa wiki kadhaa, na kwa wachache hupanda vibaya. Na watoto na ndugu wa wagonjwa wa glakoma ndio wanaopandishwa zaidi. Ile jeni ya MYOC jina lake la zamani lilitokana na hili hasa, kwamba seli za chujio zikimwagiwa steroidi zinaitoa protini hiyo kwa wingi.

Inaniuma sana hii kwa sababu mdogo wangu wa tano alitumia matone hayo miaka mitatu. Anakata mahindi, macho yanawasha, anaweka. Chupa ndogo, bei ndogo, hakuna anayemuuliza kwao kuna nini.

#13 Dereva wa Tunduma

Na hao wanaosema bangi inatibu presha ya macho?

#14 Binti Kongwa

Inashusha presha kwa saa tatu nne hivi kisha inarudi pale pale. Glakoma haipumziki usiku. Kaka, wewe unaendesha gari.

Tiba zenyewe ziko za aina tatu: matone, leza na upasuaji. Zote zinashusha presha ili kilichobaki kibaki. Mimi naweka matone kila usiku saa tatu, simu inalia, naacha chochote ninachofanya. Wanaopewa timolol mwambieni daktari kama mna pumu au moyo unapiga polepole. Tone la jichoni linaingia kwenye damu na linaweza kubana kifua. Usilichukulie kuwa dogo.

Kuhusu leza nina habari ya kutia moyo, tena ya nyumbani. Hospitali ya KCMC, Moshi, walilinganisha leza na matone ya timolol kwa wagonjwa 201, matokeo yakachapishwa 2021. Baada ya mwaka mmoja, leza ilikuwa imefanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, timolol asilimia 31. Kwa mtu anayekaa kijijini, ambaye chupa ikiisha inabidi asafiri kuifuata nyingine, tofauti hiyo ni kubwa mno. Ulizeni kama iko mnakotibiwa.

#15 Mzee wa Geita

Ahsante binti yangu, nimejifunza. Ila kuna jambo hulisemi. Ukitangaza kwamba ukoo wenu una upofu wa kurithi, mabinti zenu wataolewa na nani? Wakwe wakija kuuliza ukoo, watu watawanong'oneza. Ndiyo maana wazee wananyamaza.

#16 Binti Kongwa

Mzee wangu, nashukuru umelisema, kwa sababu ndilo lililonifunga mdomo miaka ile sita kuliko nauli. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anachumbiwa. Mama alisema tusubiri apite kwanza.

Akapita, akaolewa, na bado hatukusema. Kila mwaka kulikuwa na jambo la kusubiri.

Nilipokutwa mimi ndipo nikafungua kundi la WhatsApp la ndugu saba. Niliandika hivi: "Baba hakurogwa na shangazi hakuwa na trakoma. Mimi nimekutwa na ugonjwa wao. Daktari alinituma kwenu miaka sita iliyopita na sikufika. Nisameheni, nendeni mkapime." Kaka mkubwa hakujibu siku nne. Kisha akapiga simu, hakuuliza habari, akasema, "Nimetoka kupimwa. La kushoto limekwisha nusu." Ana miaka 52. Kama ningesema siku ile daktari aliponiambia, angekuwa na 46.

Basi wakwe na wanong'one. Shemeji yangu tulimweleza yote mbele ya mama, akanyamaza, akauliza jambo moja tu: watoto waanze kupimwa wakiwa na miaka mingapi. Tukamwambia kwa kuwa kwetu umeanza kwenye arobaini, waanze thelathini na tano, na kama kuna aliyewahi zaidi, wao waanze miaka kumi kabla ya umri huo. Akaandika kwenye daftari lake la shamba.

#17 Mama Likoni

Dada, tumelazwa. Ni yenyewe, macho yote mawili. Upasuaji ni Jumatano. Daktari kasema tumewahi. Bibi yake yuko nami hapa kitandani, amemshika.

#18 Binti Kongwa

Alhamdulillah mama. Jumatano nitafunga nikuombee. Utuletee habari.

#19 Mdau wa Mbeya

Nimerudi. Presha 22 na 21, mshipa wanasema wanautilia shaka kidogo, wamenipiga picha, nirudi baada ya miezi sita walinganishe. Yale matone yalikuwa na deksamethasoni. Nimeyaacha. Leo jioni nawapigia dada zangu watatu.

#20 Binti Kongwa

Wapigie, usiwaandikie. Ujumbe mtu anausoma na kuupita.

Wale wanaoniuliza inbox sisi tumefikia wapi: sita tumepimwa. Watatu tunao, mmoja anafuatiliwa, wawili wazima hadi sasa. Mdogo wetu wa mwisho amepimwa juzi, 14 na 15, mshipa mzuri, arudi mwakani. Amebaki wa nne, yuko Mwanza kwenye uvuvi, anasema anaona samaki vizuri kabisa. Nimemtumia nauli asubuhi. Ameipokea, bado hajasema anakuja lini.